Wasimamizi wa Harusi Walilala Kasino

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha gari, Caravan moja iliyonifia mikononi miaka sita iliyopita. Mwenyewe hakurudi kuichukua. Nikakifungua kile kiti kwa spana, nikakiweka ndani ya gereji yangu ya matairi hapa mtaa wa Phillips, Minnesota, kando ya hita, na tangu siku hiyo sijakikuta kitupu. Kimetengenezwa kubeba makalio matatu, kwa hiyo wanaokaa ni watatu na mimi hubaki kusimama kwenye gereji yangu mwenyewe. Wa kwanza ni Shee, mtu wa Lamu, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Yeye huja na chupa ya kahawa ya tangawizi na kifuko cha kashata. Wa pili ni Anicet, dereva wa lori kutoka Kongo, tunamwita Komandaa kwa ile sauti. Wa tatu ni Nahashon, mzee wa kanisa anayekaa New Hope, na tangu binti yake Stacy apate mchumba hatumwiti kitu kingine ila Baba Harusi. Mimi ni Alamin. Wao huniita Fundi, na anayetaka kuniita jina jingine huliitia nje kwenye theluji.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka usiku, na Minnesota nzima ikakumbuka kwa pamoja kwamba magari yana matairi. Gari la tatu kwenye foleni lilikuwa Camry ya Gitonga. Aliliacha saa moja asubuhi akachukuliwa na mwenzake kwenda kazini. Nililipandisha kwenye jeki, nikaanza kazi. Na kwenye kioo cha ndani, mahali watu huning'iniza rozari ama kijimti cha harufu, palikuwa na kadi nyekundu pana kama sahani ya chai.

Mimi gari la mteja sipekui. Lakini ile kadi haikutaka kupekuliwa. Ilikuwa inakutazama.

Redio alisimama kutafuta pa kuweka kikombe chake, akakiweka juu ya boneti.

Redio: Yakhe Fundi, gari hili la nani?

Mimi: La mteja. Toa kikombe.

Redio: Nauliza la nani.

Mimi: La Gitonga. Toa kikombe, Shee, utanichoria rangi ya mtu.

Redio: Gitonga huyu wetu? Mume wa Jedidah? Basi njooni msome, maana mimi macho yangu siyasadiki.

Komandaa akainuka, akainama kwenye kioo, akasoma kwa sauti ya kutangaza bandarini: Kasino. Mgeni wa hoteli. Chumba 614. Ijumaa mpaka Jumapili.

Nahashon alikuwa anapeleka kashata mdomoni. Ikabaki pale pale, nusu nje nusu ndani.

Lazima niwaeleze kwa nini. Harusi ya Stacy ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo, na wasimamizi wa harusi hiyo walikuwa Gitonga na Jedidah. Kwa Wakristo wa Kenya wasimamizi si watu wa kushika maua tu. Ni mume na mke waliooana kitambo. Wanakaa na maharusi miezi kabla ya siku yenyewe kuwafunza ndoa, wanasimama nao mbele ya mchungaji, na baadaye maharusi wakigombana, wao ndio wa kwanza kupigiwa simu. Jina lao kwenye ratiba linakaa juu ya wajomba wote. Sasa ratiba ya Stacy ilikuwa inakwenda kuchapwa saa sita mchana siku hiyo hiyo, na mchungaji alikuwa anasubiri neno la mwisho la Nahashon.

Baba Harusi: Hiyo kadi inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Redio: Kwenye gari la Gitonga?

Baba Harusi: Labda aliazimisha mtu.

Komandaa: Bon. Ameazimisha mtu gari siku tatu, kwa baridi hii, yeye anatembea na miguu? Miye naamini vitu vingi, lakini hii hapana.

Nahashon akameza ile kashata bila kuitafuna.

Baba Harusi: Jana hawakuwa kanisani. Jedidah aliandika kwenye grupu kwamba wamepumzika.

Redio: Wamepumzika! Ehe. Neno tamu hilo.

Mimi: Kwani kupumzika ni kosa?

Redio: Si kosa. Kosa ni mahali. Hiyo kasino iko wapi? Dakika arobaini kutoka hapa. Mtu ana nyumba, ana kitanda, ana blanketi alilonunua kwa pesa zake, halafu ana-drive dakika arobaini akalale pahali ambapo akifungua dirisha anaona mji ule ule aliouacha. Hiyo ni safari gani? Msafiri huenda mbali. Anayelala jirani na kwake anajificha.

Komandaa: Waamerika wana jina ya hiyo kitu. Likizo ya kutokwenda popote.

Redio: Wao wana jina la kila upuuzi. Mimi nawaambia Gitonga anacheza kamari. Dalili zote ziko. Mwezi wa nane nilimkuta dukani ananunua ndizi. Ndizi moja! Mtu mzima, mwenye mke, ananunua ndizi moja, kisha anarudi ananunua nyingine. Ule mkono wake umeshazoea kutumbukiza sarafu moja moja.

Mimi: Labda alikuwa na njaa, akashiba, akaona njaa tena.

Redio: Fundi, wewe shughulika na nati.

Baba Harusi: Gitonga hachezi. Gitonga hata bahati nasibu ya kanisa alikataa, na ilikuwa ya kushinda blenda.

Komandaa: Basi si bwana. Ni bibi.

Tulimgeukia wote.

Komandaa: Sikilizeni miye. Nilipeleka mizigo kwa kasino moja, mlango wa nyuma. Nikaingia kutafuta choo. Nikaona nini? Wanaume banasimama kwa baa wanazubaa kama ng'ombe ya mvua. Wanawake ndio banafanya kazi! Kila mama na mashine yake. Mama mmoja anakula sandwichi na mkono wa kushoto, kulia iko kwa kitufe, macho mbele, hajui kama ni kuku ama ni samaki. Simu yake inalia, inalia, lakini hasikii.

Baba Harusi: Jedidah anaimba kwaya, Anicet. Sauti ya kwanza.

Komandaa: Na mashine nayo inaimba. Wamekutana.

Hapo nilicheka, nakubali. Nahashon hakucheka. Alitoa simu mfukoni, akaitazama saa. Saa nne na dakika ishirini. Akairudisha.

Redio alikuwa ameshabandika pua kwenye kioo cha mlango wa abiria.

Mimi: Shee! Toka kwenye gari la watu!

Redio: Sigusi kitu, natazama tu. Wallahi, yako mambo humu. Ndara nyeupe za hoteli, pea mbili. Jamani, na kama hakwenda na mke? Kama alikwenda na mchepuko?

Nahashon akainuka kabisa. Kiti kikalia kama kimeondolewa gunia.

Baba Harusi: Shee, chunga mdomo.

Redio: Ngoja, ngoja, nafuta kauli. Kuna kofia ya kulalia hapa kitini. Ya satini, imefubaa, na ule mpira wake umelegea. Basi ni mke. Mchepuko hajavaa kofia ya kulalia tangu dunia iumbwe. Hii mwanamke huivaa mbele ya mtu ambaye ameshammaliza, hana haja ya kumvutia tena.

Mimi: Hapo umesema la maana kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani.

Redio: Ahsante. Kwa hiyo ni mke. Na kama ni mke, basi jambo ni baya zaidi. Wanaachana.

Baba Harusi: Wanaachana vipi?

Redio: Huku hawaachani nyumbani, watoto watasikia. Wanatafuta pahali pasipo pa huyu wala pa yule. Chumba 614. Mke kitanda hiki, mume kitanda kile, wakili kwenye kiti cha katikati. Wewe chukua jokofu, mimi nichukue Camry. Siku tatu zinatosha kugawana nyumba ya vyumba viwili.

Komandaa: Na ndiyo maana gari linawekwa matairi mapya. Mmoja anasafiri.

Wazo hilo lilimwingia Nahashon. Nilimwona. Alikaa tena polepole, mikono katikati ya magoti.

Baba Harusi: Wanaachana, na wao ndio wanaomfunza mtoto wangu kukaa.

Mimi: Hakuna anayeachana! Mtu anaachana na mkewe halafu wanarudi na ndara pea mbili za kufanana?

Lakini nani ananisikiliza. Komandaa alikuwa ameshakunja nne, na akikunja nne ujue kinakuja kitu kikubwa.

Komandaa: Miye sasa nimeelewa. Si kuachana. Ile kasino iko na ukumbi, niliuona. Dari juu kama mbinguni, zulia na maua makubwa makubwa kama meza. Baba Harusi, Stacy anapenda ule ukumbi mlikodisha kule New Hope?

Baba Harusi: Anaupenda.

Komandaa: Alisema anaupenda?

Baba Harusi: Alisema «it's fine, Dad».

Komandaa akafungua mikono kama hakimu aliyemaliza kesi.

Komandaa: Voilà. Mtoto wa huku akisema hivyo, amekataa. Amewatuma wasimamizi wake waende kuangalia kasino, walale, waonje chakula, wahesabu viti. Siku ya harusi utaambiwa panda gari, Daddy, funga macho. Sapraizi!

Redio: Subhanallah. Na mashangazi kutoka Nyeri?

Komandaa: Mashangazi bapite katikati ya mashine na masufuria ya chakula.

Redio: Shangazi mmoja akikaa kwenye kile kiti kupumzisha mguu, akabonyeza mara moja tu kujaribu, harusi imekwisha. Hamtampata wa kukata keki.

Baba Harusi: Mchungaji hawezi kufungisha ndoa mahali kama hapo!

Redio: Ataweza! Tena nikuambie siri, baba yangu. Hakuna pahali pana maombi duniani kama kasino. Msikitini watu husinzia, kanisani kwenu huangalia simu. Kule? Kila mtu macho yamefumbwa, midomo inacheza, «Mola wangu, hii moja tu.» Gitonga ameliona hilo. Gitonga hajaenda kucheza, hajaenda kuachana, hajaenda kukodi ukumbi. Gitonga anafungua kanisa. Chumba 614 ndio ofisi.

Komandaa akampa mkono. Nahashon alikuwa ameshatoa simu tena, na safari hii alikuwa anatafuta namba.

Nikaweka chini bunduki ya nati.

Mimi: Unampigia nani?

Baba Harusi: Mchungaji. Afute hayo majina. Tutatafuta wengine.

Mimi: Mpigie Gitonga kwanza. Muulize, ulikuwa kasino, ulikwenda kufanya nini? Maneno manne. Matano.

Baba Harusi: Siwezi kumuuliza mtu mzima habari za chumba cha kulala.

Mimi: Kumuuliza huwezi, kumfuta unaweza?

Redio: Fundi, usimpandishie sauti mwenye harusi.

Mimi: Napandisha! Ni gereji yangu! Mnakaa hapa mnakunywa kahawa mnamvua mtu nguo, na gari lake liko mbele yenu lina tairi tatu! Mwanamume mzima anaogopa kuuliza swali!

Nahashon hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliweka simu juu ya goti, akaongea taratibu kama anazungumza na hita.

Baba Harusi: Fundi, sikiliza. Mtoto ninaye mmoja. Tangu nije hapa nimehudhuria harusi sijui ngapi. Vigelegele, gari jeupe, watu wanacheza mpaka viatu vinatoka. Miaka miwili, unasikia bwana amehamia Texas peke yake. Unauliza kulikuwa na nini, unaambiwa hakuna. Hakupiga mtu, hakulewa, hakuna kitu. Mimi sitaki wasimamizi wa kupendeza kwenye picha. Nataka watu wawili ambao Stacy akiwapigia simu siku mambo yamekuwa mabaya, watajua cha kumwambia. Basi. Na mtu anayejificha kasino wiki moja kabla ya harusi, sijui atamwambia nini.

 Redio akajimiminia kahawa.

Ilikuwa saa tano na nusu mlango ulipofunguka, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia Jedidah. Alikuwa amekuja na basi kuchukua gari. Theluji mabegani, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alitutazama mmoja mmoja.

Jedidah: Hamjambo, wazee? Kuna msiba?

Mimi: Hakuna msiba, mama.

Jedidah: Gari liko tayari?

Mimi: Limebaki tairi moja. Lilikuwa linasomwa.

Akafuata macho yetu mpaka kwenye kioo. Akaiona kadi. Kwanza akajishika mdomo, halafu akacheka mpaka ile theluji ikamwanguka.

Jedidah: Gitonga huyu! Nilimwambia mara tatu, toa hiyo kadi kabla ya kwenda kwa Alamin. Mara tatu! Kati ya gereji zote za mji huu!

Baba Harusi: Mama Kendi, kwa hiyo ni kweli. Mlikuwa kasino.

Jedidah: Tulikuwa, Baba Stacy.

Baba Harusi: Siku tatu?

Jedidah: Tatu na usiku wake.

Baba Harusi: Na mlicheza?

Jedidah: Gitonga hakucheza. Mimi nilicheza dola tano. Nilibonyeza, ikawaka, ikaimba, ikazunguka, ikanyamaza, hakuna kilichotoka. Nikamwambia Gitonga ni kama mkutano wa kamati.

Komandaa: Nilisema! Nilisema ni bibi!

Mimi: Anicet, nyamaza.

Nahashon alikuwa amesimama. Jasho limemtoka, na hita haikuwa kali kiasi hicho.

Baba Harusi: Mimi nataka kuuliza wazi. Si mambo ya… sitaki kujua ya chumbani. Mlikwenda kufanya nini?

Jedidah: Kulala.

Redio: Kulala tunajua, mama, lakini—

Jedidah: Redio, nimesema kulala. Usingizi. Tuliingia Ijumaa jioni, tukala, tukaweka kichwa chini, tukaamka Jumamosi saa nane mchana. Nikageuka nikamkuta mtu kitandani, nikashtuka. Nikamtazama. Nikamwambia, Gitonga, umeota mvi. Akaniambia, tangu mwaka juzi.

Akasogea kwenye hita, akanyosha mikono.

Jedidah: Yeye anafanya mchana, mimi nafanya usiku. Gari ni moja. Anarudi saa moja kasoro jioni, ananikuta kwenye paking ya nyumbani nimeshavaa koti. Anashuka, napanda. «Kendi ana kikohozi.» «Sawa.» «Maziwa yameisha.» «Sawa.» Asubuhi hivyo hivyo, mimi nashuka, yeye anapanda. Miaka mitatu. Mume wangu najua yuko hai kwa sababu nikikalia kiti nakikuta na joto.

Baba Harusi: Hata hivyo, mama. Kasino? Si kuna hoteli?

Jedidah: Hoteli gani ambayo haina Mkenya? Nikienda ya Oakdale, anayetandika kitanda ni Mama Alfred. Nikienda ya mjini, anayebeba mizigo tuko naye kwenye kwaya. Saa mbili hazijapita mtu amebisha hodi na kontena la chapati, «tumesikia mko hapa, tumekuja kuwasalimu.» Nyumbani kwangu yuko mama mkwe, watoto wawili, shemeji, na binamu aliyekuja kwa wiki mbili mwaka juzi. Nikatafuta pahali pamoja ambapo Mkenya akiniona hawezi kusema ameniona, maana itabidi aeleze alikuwa anafanya nini. Tukapita hizo mashine tukainamisha vichwa, tukapanda lifti.

Redio: Yakhe. Akili hiyo.

Baba Harusi: Lakini kwa nini sasa, wiki moja kabla ya harusi ya mtoto wangu? Si mngengoja?

Jedidah akavua kofia, akaikung'uta.

Jedidah: Ni yeye, Baba Stacy. Stacy ndiye alitupeleka.

Komandaa akanyanyua kidole. Nilimtazama, akakishusha.

Jedidah: Tulikaa nao wiki iliyopita, ile siku ya mwisho ya mafunzo. Gitonga amehubiri uvumilivu, mimi nimehubiri heshima, tumemaliza, nikauliza kama kuna swali. Stacy anaanza kazi ya usiku mwezi ujao, mnajua. Mchumba wake anafanya mchana. Akaniuliza, kwa kile Kiswahili chake, «Auntie, wewe na Uncle mnaongea saa ngapi?» Sikuelewa. Nikamwambia, tunaongea kila siku. Akasema, «No, saa ngapi?» Kama mtu anauliza basi linapita saa ngapi. Nikamtazama Gitonga, Gitonga akanitazama.  Tukafunga kwa maombi haraka haraka tukaondoka, na humo njiani nikamwambia, mimi siwezi kusimama mbele ya huyo mtoto. Ama tupate jibu, ama nimpigie Baba Stacy simu nijitoe.

Akakaa kwenye nafasi ya Nahashon, maana ilikuwa tupu.

Jedidah: Kwa hiyo naomba mnisaidie, nyinyi ni wazee. Nyinyi na wake zenu mnaongea saa ngapi?

Nilichukua bunduki ya nati nikafunga tairi la mwisho. Nati tano. Kelele yake ilikuwa baraka. Ilipoisha bado alikuwa anatungoja.

Redio: Mimi naongea na Nasreen kila siku. Saa kumi na moja alfajiri, saa nzima. Hatujakosa hata siku moja.

Mimi: Nasreen yuko wapi?

Redio: Lamu.

Komandaa: Sisi tunagombana, hiyo inahesabiwa? Jumapili. Kama niko mjini.

Wakanitazama mimi. Mimi na mke wangu Ummulkheir tunaandikiana kwenye simu. Mara ya mwisho aliniandikia «vitunguu». Nikasema nakwenda kunawa mikono.

Jedidah: Baba Stacy?

Baba Harusi: Mama Stacy anafanya usiku.

Jedidah: Anaamka saa ngapi?

Baba Harusi: Saa tisa.

Jedidah: Na wewe unaingia kazini saa ngapi?

Nahashon alitazama kikombe chake kana kwamba imeandikwa humo.

Baba Harusi: Saa tisa.

Jedidah: Ukirudi?

Baba Harusi: Ameshatoka.

Jedidah: Na asubuhi yeye akirudi, wewe unakuwa wapi?

 Nahashon alitazama kile kiti cha Caravan, kilivyobonyea upande wake pale Jedidah alipokaa, na bonyeo lile ni la asubuhi za miaka.

Simu ikalia. Mchungaji. Nahashon akaibonyeza kwa kidole gumba, ikaingia spika, na gereji nzima ikasikia.

Mchungaji: Mzee Nahashon, mtu wa kuchapa ananisubiri hapa. Wasimamizi ni wale wale? Nauliza kwa sababu nimepata habari fulani, mambo ya kasino…

Nikamgeukia Redio. Kadi ilisomwa saa nne! Redio alikuwa anasukuma simu yake mfukoni, anatazama dari kama anayehesabu taa.

Baba Harusi: Habari ni za kweli. Walikuwa kasino, na Jedidah alicheza dola tano. Waandike.

Mchungaji: Waandike?

Baba Harusi: Kwa herufi kubwa.

Mchungaji: Mzee, una hakika? Watu watauliza.

Baba Harusi: Wakiuliza nitajibu. Na mimi nikuulize, Mchungaji. Wewe na Mama Mchungaji mnaongea saa ngapi?

Kule upande wa pili tulisikia mashine ya kuchapa inafanya kazi.  Mchungaji akakohoa.

Mchungaji: Nitakupigia, mzee.

Nahashon akachukua koti lake. Nikamwambia gari lake bado, liko la tano kwenye foleni. Akasema liache hapo. Jedidah alikuwa ameshapokea ufunguo wa Camry kutoka kwangu. Akamwambia twende, nitakushusha New Hope.

Redio: Baba Harusi, mkeo amelala muda wa saa tatu tu. Ukimwamsha sasa hivi atakuua.

Nahashon alikuwa anapambana na zipu. Ikapanda.

Baba Harusi: Na aniue. Tutakuwa macho wote wawili.